Mafunzo yanayoanza na jalada: uzoefu wangu wa kuhuisha mafunzo ya haki za binadamu kwa majaji na waendesha mashtaka

Nilipokabidhiwa kazi ya kuhuisha mafunzo kazini ya majaji, mahakimu na waendesha mashtaka kuhusu sheria ya haki za binadamu, nilikuta mtaala ulioanza na Azimio la Ulimwengu la 1948, ukapita kwenye Mikataba miwili ya 1966, ukashuka hadi kwenye mikataba ya kikanda, na kuishia kwenye utoaji wa vyeti. Kila kilichofundishwa humo kilikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumshawishi yeyote kwamba hakitoshi. Hakimu alirudi kituoni kwake akijua mwaka ambao mkataba ulianza kutumika, lakini hajui aandike nini kwenye mwenendo wa shauri siku mtuhumiwa anapoinua mkono uliovimba na kusema kwamba alipigwa.

Ushauri wa kwanza tuliopewa bado unanikera. Tuliambiwa kwamba mafunzo ya kisasa ni mafunzo ya mtandaoni, basi mihadhara ile ile irekodiwe kwa video na kila sehemu ifungwe kwa maswali ya kuchagua jibu sahihi. Nilipinga, lakini fedha za mfadhili zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa ya bajeti ikaenda kwenye vifaa vya kurekodia na ada ya mfumo. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kilichofuata: wengi waliifungua video na kuiacha ijiendeshe yenyewe, kisha wakajibu maswali yote kwa muda usiotosha hata kuyasoma. Majibu yalikuwa yakizunguka kwenye simu za washiriki. Ripoti iliyopelekwa juu ilisema kwamba karibu wote wamefaulu. Sikubaliani kabisa na mtu anayeita hali hiyo mafanikio, kwa sababu gharama ya mafunzo mabovu ya jaji hailipwi na jaji. Inalipwa na mtu aliyeko mahabusu.

Kwa hiyo, tulipopata nafasi ya kuanza upya, niliamua kwamba hakuna mshiriki atakayesomewa ibara yoyote kabla hajaandika uamuzi. Tulitengeneza jalada la kubuni. Kesi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, unyang'anyi wa kutumia silaha, na jalada lilikuwa na hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi wawili, maelezo ya mshtakiwa ya kukiri kosa, fomu ya matibabu, nakala ya daftari la mahabusu na maombi ya upande wa mashtaka ya kutaka maelezo hayo yapokelewe kama kielelezo. Ratiba haikutaja haki za binadamu popote. Ilisema tu kwamba asubuhi itatumika kwa zoezi la kuandika uamuzi mdogo, yaani uamuzi wa hoja inayojitokeza kabla ya hukumu.

Ndani ya jalada tulipanda mbegu tatu. Daftari la mahabusu lilionyesha kwamba mshtakiwa aliingizwa kituoni Jumatatu alfajiri, ilhali hati ya ukamataji ilisema alikamatwa Jumatano, na mahakamani alifikishwa Ijumaa. Maelezo ya kukiri yaliandikwa saa nane za usiku. Fomu ya matibabu ilitaja michubuko kwenye vifundo vya mikono yote miwili, bila neno hata moja kuhusu chanzo chake. Nyaraka hizi hatukuzipanga kwa kufuatana. Tulizitawanya, kama zinavyotawanyika kwenye majalada ya kweli, na fomu ya matibabu tukaiweka nyuma kabisa, baada ya orodha ya vielelezo ambayo kwa kawaida hakuna anayeifikia.

Walio wengi waliyapokea maelezo ya kukiri. Uamuzi mmoja ulioandikwa kwa lugha nzuri mno ulisema kwamba mshtakiwa "hakulalamika", na hapo ukaishia. Baadaye niliziweka nyaraka mbili kwenye ukuta, daftari la mahabusu upande mmoja na hati ya ukamataji upande wa pili, nikawaomba wazisome tarehe kwa sauti. Mwendesha mashtaka mzoefu alisimama akasema, "Mheshimiwa, maelezo haya mimi ningeyawasilisha kesho asubuhi." Jaji aliyeketi mbele yake akajibu bila kusita, "Nami ningeyapokea." Mjadala uliofuata ulidumu hadi jioni, na hakuna mhadhara wangu uliowahi kupata usikivu wa namna ile.

Mikataba tuliifungua baada ya hapo, na kila ibara iliingia mahali ambapo pengo lilikuwa limekwisha kuonekana. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataka mtu aliyekamatwa kwa kosa la jinai afikishwe haraka mbele ya jaji, na Maoni ya Jumla Na. 35 ya Kamati ya Haki za Binadamu, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachofafanua mkataba huo, yaliyotolewa 2014, yanaeleza kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha, na kwamba kuchelewa zaidi ya hapo lazima kubaki jambo la nadra kabisa lenye sababu zake. Ibara ya 15 ya Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984 inakataza maelezo yaliyothibitika kupatikana kwa mateso kutumika kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya mtu anayetuhumiwa kutesa. Maoni ya Jumla Na. 32 ya 2007 yanaweka mzigo wa kuthibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari juu ya Serikali, wala si juu ya mshtakiwa. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyobadilisha uandishi wa washiriki kuliko nyingine zote, kwa sababu neno "hakulalamika" linapoteza nguvu mara tu unapotambua kwamba si yeye aliyepaswa kuthibitisha.

Waendesha mashtaka walikuwa na somo lao, na nashauri lisimezwe na somo la majaji. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wajibu wa Waendesha Mashtaka, uliopitishwa Havana 1990, unasema katika kipengele cha 16 kwamba mwendesha mashtaka akijua, au akiwa na sababu za msingi za kuamini, kwamba ushahidi dhidi ya mshukiwa ulipatikana kwa njia haramu zinazokiuka vibaya haki zake za binadamu, akatae kuutumia dhidi ya yeyote isipokuwa waliozitumia njia hizo, au aiarifu mahakama, na achukue hatua ili wahusika wawajibishwe. Wengi walikuwa wakiamini kwamba kazi hiyo ni ya wakili wa utetezi peke yake.

Pingamizi lililorudi kila mara lilikuwa hili: bila maelezo ya kukiri, kesi nyingi zitaanguka. Ni pingamizi la watu wanaoifahamu kazi yao, na halijibiwi kwa mahubiri. Tulilijibu kwa mfano wa Uingereza, ambako watu sita walitiwa hatiani 1975 kwa milipuko ya mabomu ya Birmingham, kwa kutegemea kwa kiasi kikubwa maelezo ya kukiri na vipimo vya kitaalamu ambavyo baadaye havikuaminika, wakaachiwa na Mahakama ya Rufaa 1991. Walikaa gerezani miaka 16, na muda wote huo waliotega mabomu hawakuguswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 polisi wa Uingereza na Wales walianza kufundishwa mbinu za mahojiano zinazotafuta taarifa badala ya kukiri, na fikra hiyo ndiyo msingi wa Kanuni za Méndez za 2021, mwongozo wa kimataifa wa mahojiano yasiyotumia nguvu. Baada ya mfano huo, mwendesha mashtaka anaanza kuuliza mwenyewe ni ushahidi gani mwingine upelelezi ungeweza kuutafuta, na hapo mafunzo yanakuwa mali yake.

Kuhusu nani afundishe, msimamo wangu hauyumbi. Tamko la Kanuni za Mafunzo ya Kimahakama, lililopitishwa 2017 na Shirika la Kimataifa la Mafunzo ya Mahakama, linasema mafunzo yaongozwe na majaji na kutolewa hasa na majaji walioandaliwa kwa kazi hiyo. Profesa wa chuo kikuu anakaribishwa kwa saa moja ya maswali magumu, lakini jaji humsikiliza zaidi mtu aliyewahi kuandika uamuzi saa moja kabla ya kikao. Wawezeshaji wetu tuliwaandaa kwa muda mrefu kuliko tulivyowafunza washiriki, na fedha tulizozitumia hapo zilikuwa nyingi kiasi cha kulalamikiwa. Nisingepunguza hata kidogo.

Suala la kuwaketisha majaji na waendesha mashtaka pamoja lilinikosesha usingizi. Wapo walioshauri wasikutanishwe kabisa, na wasiwasi wao una msingi, kwani mshtakiwa akisikia kwamba jaji wake na anayemshtaki walikuwa darasa moja, ana haki ya kuuliza walikubaliana nini huko. Tuliwaalika mawakili wa utetezi kwa idadi inayolingana na ya waendesha mashtaka, tukapiga marufuku kutaja shauri lolote linaloendelea, na kila zoezi likafanywa kwa kubadilishana viti: mwendesha mashtaka akamtetea mshtakiwa, wakili akaongoza mashtaka. Siku ya pili mshtakiwa wa jalada letu hakuwa na wakili kabisa, na hapo tulitumia hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, ya 2015, iliyosema kwamba mtu asiye na uwezo, anayekabiliwa na kosa zito lenye adhabu kali, alistahili kupewa msaada wa kisheria bila malipo hata kama hakuuomba. Mwendesha mashtaka aliyekuwa kwenye kiti cha mshtakiwa alijaribu kumhoji shahidi bila msaada wowote na akashindwa mbele ya wenzake wote. Baada ya hapo hukumu hiyo haikuhitaji maelezo marefu.

Tathmini hatukuitegemeza tena kwenye fomu za kuuliza kama washiriki wameridhika. Majaji wastaafu walisoma maamuzi madogo ya dhamana na ya kupokea maelezo, yaliyoondolewa majina, ya kabla na ya baada ya mafunzo. Masharti yalikuwa makali: wasiangalie matokeo ya uamuzi, kwa sababu hilo lingekuwa kuingilia uhuru wa mahakama, bali waangalie tu kama sababu zimetolewa, kama hoja ya hiari imeshughulikiwa, na kama muda wa kushikiliwa umehesabiwa. Sababu ziliongezeka waziwazi. Hesabu ya muda ilibaki dhaifu, na tuligundua kwamba mara nyingi daftari la mahabusu halifiki mahakamani kabisa. Sasa jalada la mazoezi lina barua ya kuliomba, ambayo mshiriki huiandika mwenyewe.

Mtandao hatukuuacha. Tunautumia baada ya washiriki kurudi kazini, kwa kuwatumia jalada fupi mara kwa mara, ambapo kila mmoja huandika aya moja ya uamuzi na kusomwa na mwezeshaji anayemfahamu. Jalada la kwanza limekwisha kufahamika mno, hivyo tumelistaafisha. Jipya lina simu iliyochukuliwa na kupekuliwa bila hati, picha zisizo na kumbukumbu ya nani alizishika na lini, na maombi ya upande wa mashtaka yaliyoandikwa vizuri kuliko yale ya kwanza.