Mkondo wa Nungwi haumlazi tena mke wangu

Mke wangu kwao Mkoani, Pemba. Kila tukienda kuwasalimia wazee, boti ikishaipita Nungwi tu, ncha ya kaskazini ya Unguja, anashika mfuko wa kutapikia mpaka tunafika. Safari ya mwisho, kipindi cha upepo wa kusi, alinishika mkono akasema, "Mume wangu, mimi basi. Wazee ndio waje Unguja." Iliniuma. Mama yake hawezi kusafiri.

Nikamuuliza baharia mmoja mzee pale bandari ya Malindi, Unguja. Alinieleza vizuri: sikio linahisi boti inayumba, jicho linaangalia kiti kilichotulia, mwili unachanganyikiwa. Basi kaeni katikati ya chombo, chini, pasipoyumba sana, na macho yaende mbali, kwenye mstari wa bahari na mbingu. Simu marufuku.

Safari hii tulisubiri kusi ipungue. Asubuhi alikula mkate mkavu kidogo, tumbo lisiwe tupu wala lisijae, na nikabeba tangawizi mbichi ya kutafuna. Tulipoingia mkondoni nikaanza kumsemesha.

"Mama atakupikia nini?"

"Pweza wa nazi. Na wewe je?"

"Mimi mkwe, napewa kuku."

"Kuku gani! Yule jogoo wa mama? Thubutu!"

Alicheka, macho yake yako mbali kule majini, kipande cha tangawizi kimetuna shavuni. Mara moja tu alinyamaza, akafumba macho, nikampepea kwa ncha ya kanga yake, ikapita.

Mkoani alitangulia kushuka. "Fanya haraka na hilo begi, mama anasubiri!"