Bendi ipewe siku yake

Vijana ninaopuliza nao matarumbeta hapa Dodoma wana swali wasilolichoka: "Kaka, hivi Waingereza nao wanapiga jazz, au yale ni mambo ya Wamarekani tu?" Huwa wananiuliza tukiwa nyuma ya kirikuu, bwana harusi ameshatoka kanisani, ngoma zinataka kukazwa, basi najibu juu juu na mambo yanaishia hapo. Leo nijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lenyewe linatuhusu kuliko wanavyodhani.

Nilisoma Bristol, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uingereza. Nilikwenda kusomea mambo ya maji, kazi ninayoifanya mpaka leo. Kule kuna mtaa wa zamani unaitwa King Street, karibu na gati, umetandikwa mawe, na kwenye mtaa huo kuna baa inaitwa The Old Duke. Duke mwenyewe ni Duke Ellington, na sura yake imechorwa kwenye kibao cha nje. Nilikuwa napita zangu jioni ya mvua nikasikia tromboni inavutwa ndani. Mtu aliyekua na tromboni begani haipiti sauti ile hivi hivi. Nikaingia.

Nilikuta wazee. Tarumbeta, klarineti, tromboni, banjo, drams na besi lile kubwa la kusimama, na wengi wa waliokuwa wanapiga walikuwa wamestaafu kazi zao zamani. Ukumbi wenyewe mdogo, dari fupi, watu wamebanana na bia zao mkononi, na hakukuwa na jukwaa la maana. Lakini sauti! Tarumbeta inashika wimbo wenyewe. Klarineti inauzunguka kwa juu, inapanda na kushuka, haikai. Tromboni inajaza huku chini, inasukuma, inavuta sauti kutoka noti moja kwenda nyingine. Wote watatu wanapuliza kwa wakati mmoja, kila mtu anatunga chake palepale, na hawagongani. Hiyo ndiyo jazz ya asili, ya New Orleans, kabla jazz haijawa muziki wa watu kukaa kwenye viti na kusikiliza mtu mmoja anapiga solo ndefu. Ni muziki wa kuchezeka, na ulianzia kwenye maandamano, mazishi na kumbi za dansi. Sisi watu wa matarumbeta hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Nilikaa karibu kabisa na yule mzee wa klarineti, ambaye ndiye alikuwa anaongoza. Kabla ya wimbo kuanza alikuwa anaulowanisha mwanzi, ile bapa nyembamba ya klarineti inayotoa sauti, mdomoni, taratibu, huku anaongea na watu. Wimbo ukishachanganya, macho yangu yakawa kwenye mikono yake. Akiinua kidole kimoja, bendi inazunguka tena. Akimtazama mtu wa banjo na kutikisa kichwa, wapulizaji wote wanashusha ala na banjo inabaki peke yake na drams. Akijigonga utosini, wote wanarudi mwanzo wa wimbo, kwa pamoja, kama waliokubaliana jana yake. Karatasi ya noti hakuna. Wakati wa mapumziko alinitazama mdomo, akaona ile alama ya duara inayobaki kwa mtu anayepuliza miaka mingi, akaniuliza napuliza nini. Nikamwambia tromboni. Akaniambia wiki ijayo nije, kuna ya kuazima.

Na kweli nilikuja, nikasimama mwisho wa mstari, nikapuliza chini kabisa nyimbo mbili. Hawakuniuliza cheti wala ninatoka bendi gani. Kiingilio hakikuwepo. Jagi lilipitishwa mezani, watu wakatumbukiza sarafu, mwisho wa usiku wakagawana. Nilikuja kuelewa kuwa hivyo ndivyo muziki huu unavyoishi katika eneo lile lote, kwenye baa na kumbi ndogo za vijiji, kila sehemu na siku yake inayojulikana. Ukitaka jazz unajua leo ni wapi na kesho ni wapi, bila kusubiri tangazo.

Waliipataje hawa watu jazz ya New Orleans, wakati bahari nzima ipo katikati? Hapo ndipo hadithi inaponigusa. Kuanzia mwaka 1935 serikali ya Uingereza, kwa shinikizo la chama cha wanamuziki wa kule, ilizibania bendi za Marekani vibali vya kuja kupiga, na hali ikabaki hivyo kwa takriban miaka 20. Kijana wa Kiingereza aliyeupenda muziki huo akabaki na santuri. Alikaa na gramafoni, akasikiliza, akairudisha sindano, akasikiliza tena mpaka akajua mtu wa tromboni alifanya nini katika sehemu ile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana hao wakaanza kuunda bendi zao. Mmoja wao, Ken Colyer, mpiga tarumbeta, aliona santuri hazimtoshi. Akaajiriwa kwenye meli, akashukia Mobile, Alabama, mwaka 1952, akaenda New Orleans kuwatafuta wazee waliokuwa bado wanapuliza. Alipiga nao, wale wa bendi ya George Lewis. Muda wake wa kukaa nchini ukaisha, akawekwa ndani, akarudishwa kwao mwaka 1953. Aliporudi alikuwa na kitu ambacho wenzake waliokuwa wanategemea santuri hawakuwa nacho, na bendi aliyoiongoza pamoja na Chris Barber, mpiga tromboni, ilifungulia wengi njia.

Sasa tazama huku kwetu. Kuanzia miaka ya 1930 zilianza kuingia Afrika santuri za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Vijana wa Dar, wa Tanga, wa Morogoro walikaa nazo vilevile, wakairudisha sindano vilevile. Dar es Salaam Jazz inatajwa kuanza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Salum Abdallah pale Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba, wala siku hiyo hakuwa ameiona Kuba. Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, majina hayo yote wazee wetu waliyachukua wakijua wanaingia kwenye familia kubwa ya watu wanaopiga muziki wa kucheza kwa ala za kupuliza na gitaa. Mtu wa Bristol na mtu wa Morogoro walikuwa wanafunzi wa darasa moja, kila mmoja na gramafoni yake, na mwalimu wao alikuwa ng'ambo ya bahari ileile ya Atlantiki.

Tena sisi kupuliza tulianza mapema. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilikuwa inachezwa pwani tangu mwisho wa karne ya 19, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa gwaride na mavazi, na baada ya Vita vya Kwanza ikaenea hadi bara. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea Tabora, ikamalizikia Kigoma. Watu walipita na ala zao. Baba yangu mdogo alifanya kazi stesheni ya Dodoma, na mpaka anazeeka alikuwa anakumbuka bendi zikishuka na masanduku ya vyombo, watoto wanagombea kuyabeba ili waingie dansini bure. Alikuwa anaimba nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, kwa sehemu zote, akimaliza maneno anaingia kwenye gitaa la solo kwa mdomo. Patrick Balisidya wa Afro 70 alikuwa mwana wa Ugogo, na hilo kwa baba yangu mdogo lilikuwa jambo la fahari kabisa. Bendi hiyo ndiyo iliyokwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mwaka 1977.

Nirudi Uingereza kidogo, kwa sababu kuna mtu mmoja wa eneo lile siwezi kumwacha. Acker Bilk alizaliwa mwaka 1929 Pensford, kijiji kilichopo kusini kidogo mwa Bristol. Utotoni alipoteza meno mawili ya mbele na nusu ya kidole. Klarineti aliishika akiwa jeshini Misri. Mtu wa namna hiyo, kwa hesabu za walimu wa muziki, asingetakiwa kupuliza chochote. Mwaka 1961 alitoa wimbo wa klarineti na vinanda vya nyuzi, Stranger on the Shore, na mwaka uliofuata ukashika namba moja Marekani, huko huko muziki wake ulikotoka. Kwa miaka michache jazz hiyo ya zamani ndiyo ilikuwa muziki wa vijana wa Uingereza. Mwaka 1960 kwenye tamasha la Beaulieu mashabiki walifikia kupigana, wa jazz ya zamani na wa jazz ya kisasa. Hata ukumbi wa Cavern wa Liverpool, ambao dunia inaujua kwa Beatles, ulifunguliwa mwaka 1957 kama klabu ya jazz. Halafu Beatles wenyewe wakaja juu, mwaka 1963, na kumbi za jazz zikaanza kupukutika.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wangu wasikilize vizuri. Muziki ule ulipokosa redio na kumbi kubwa, wapigaji hawakuufunga kwenye sanduku. Walirudi kwenye baa ndogo, wakachukua siku moja katika wiki, wakaishika. Wengine waliajiriwa kama mafundi, walimu, makarani, na jioni ya siku hiyo kila mtu alijua yuko wapi. Waliokuwa vijana wakati ule ndio wale wazee niliowakuta. Bendi zetu za Msondo na Sikinde hazikuvuka miaka yote hii pale Dar kwa nyimbo nzuri peke yake, ingawa nyimbo ni nzuri mno. Mashabiki walijua siku ya bendi yao ni ipi na ukumbi ni upi, wakaja.

Dodoma sasa ni jiji tangu 2018. Serikali imehamia, mji wa serikali wa Mtumba umejengwa, treni ya umeme inaleta watu kutoka Dar, baa zimejaa kuanzia Area C mpaka Nzuguni. Muziki wa mubashara uko wapi? Unakuja na sherehe, unaondoka na sherehe. Bendi inaletwa kutoka Dar kwa usiku mmoja, kesho yake tunarudi kwenye spika. Sina ugomvi na madijei, wanafanya kazi yao vizuri. Kinachoniuma ni kwamba mji wenye wapulizaji, wapiga gitaa la zilipendwa waliostaafu, kwaya za Kigogo zinazoimba sauti nne bila kinanda, na akina mama wanaoweza kupiga ngoma ya muheme mpaka ardhi ikaitikia, hauna jioni moja ya kawaida ambayo mtu anaweza kusema twende tukasikilize.

Nikiwa Bristol nilipanda basi kutoka Bath kwenda kijiji kinaitwa Box, Wiltshire. Ndipo zilipo studio za Real World za Peter Gabriel, kwenye kinu cha zamani kando ya mto. Lebo ya muziki yenye jina hilohilo ndiyo iliyotoa kazi za Hukwe Zawose, Mgogo wetu, bingwa wa ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze, aliyefariki Desemba 2003. Nilisimama barabarani nikatazama lile jengo, nikawaza sauti yake inavyopanda mpaka pale inapokuwa nyembamba kabisa na haikatiki. Wageni waliijua thamani yake wakaitunza. Mimi nikitaka kusikia ilimba ikipigwa mbele yangu Dodoma, nategemea kuna mgeni rasmi anayepokelewa.

Basi tumeanza. Tumepata uani pa baa moja Nkuhungu, mwenye nayo ni mama mmoja anayependa dansi kuliko hata sisi, na ametupa Alhamisi. Tarumbeta mbili, tromboni yangu, gitaa la solo, tumba na drams. Mpiga gitaa wetu ni mzee aliyeanza kupiga kabla sijazaliwa. Vijana walikuwa wanamwita "babu" kwa utani, sasa wanamwita "mwalimu" na wanamaanisha. Repeti ya kwanza niliwafundisha zile ishara za mikono za yule mzee wa klarineti, kidole juu, utosini, na zimefanya kazi kwenye rumba bila tatizo. Mwezi huu wa upepo midomo inapasuka, kila mpulizaji ana kikopo chake cha mafuta ya mgando mfukoni, na katikati ya wimbo utamwona mtu anajipaka haraka kabla zamu yake haijafika. Nimewasihi pia wasiache kumwaga maji ya tarumbeta kila baada ya nyimbo mbili tatu, sauti inakoroma.

Watu wanakuja. Baadhi ni wafanyakazi wa wizara waliohamia wakiwa na upweke wa mji mgeni, baadhi ni majirani waliosikia tu kelele, na kuna mabinti wawili wa chuo ambao sasa wanajua maneno ya nyimbo zilizotungwa kabla mama zao hawajaolewa. Jagi nimeliiga kutoka Bristol, ila kwetu ni ungo, na watu wanatunza hapo hapo wakicheza, noti kwenye paji la uso la mpigaji, kama desturi yetu. Hakuna anayezuiwa kupiga. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Mvumi na zeze yake. Tukashusha ala zote tukamwachia, halafu mtu wa tumba akaingia taratibu, kisha mimi huku chini.

Tunachokosa ni besi. Mpiga besi tuliyekuwa naye amehamishiwa Singida kikazi. Kama uko Dodoma na unalo gitaa la besi limekaa tu juu ya kabati, lete, hata kama vidole vimesahau. Tunaanza saa moja jioni, na mama wa hapo anapika mlenda na kuku wa kienyeji, kwa hiyo njoo na njaa.