Kizunguzungu kilichotibiwa kwa kugeuza kichwa

Mjomba alipopata kiharusi mwaka 2018, kumpeleka mazoezini likawa jukumu langu, kwa kuwa tunakaa jirani hapa Ngamiani, Tanga, na ratiba ya shule iliniruhusu kutoka mapema baadhi ya siku. Tunapanda bajaji hadi hospitali, yeye anaingizwa chumba cha fiziotherapia kujifunza upya kushika kikombe na kupanda ngazi, mimi nakaa kwenye benchi la pembeni nasahihisha madaftari ya Biolojia. Watu walituona tukiingia, mzee ameniegemea begani, wala hakuna aliyejua kwamba na mimi natembea huku nikiutafuta ukuta kwa mkono.

Kizunguzungu kilikuwa kimenianza kabla ya hapo, alfajiri moja, nilipogeukia upande wa kulia kuzima simu iliyokuwa inalia. Chumba kikazunguka. Sisemi kwamba kichwa kilikuwa chepesi au macho yaliingia giza. Hayo nayajua, yalinipata nilipokuwa mjamzito. Hii ilikuwa dari inakimbia, feni inakimbia, chandarua kinakimbia, nami nimeng'ang'ania godoro kwa mikono miwili nikihisi kitanda kinapinduka. Kikakatika ghafla kama kilivyoanza, hata dakika haikutimia, kikaniachia kichefuchefu na jasho jembamba.

Tangu siku hiyo nikakijua kinakokaa. Kinakuja nikilala chali, nikigeukia kulia, nikiinua uso kuandika juu kabisa ya ubao, nikiinama kuchukua sufuria chini ya meza. Kusuka nywele niliacha, maana msusi akiniinamisha shingo tu, mambo yanaanza. Sujudu ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Nilianza kuswali nimekaa kwenye kiti, na sijafika hata hamsini, na kila nikitoa salamu machozi yalikuwa karibu.

Nilikwenda kutibiwa, tena si sehemu moja. Malaria haikuonekana, damu ilitosha, presha siku moja ilipanda kidogo nikaambiwa ndiyo hiyo. Nikapewa vidonge vya kizunguzungu, vikanilaza usingizi wa mchana nikiwa nimesimama mbele ya kidato cha tatu, na usiku nikigeuka, chumba kinazunguka vilevile. Shangazi kwa mapenzi yake akaniletea kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, nikanywa. Nilichokuwa nakiogopa sikumwambia mtu. Nilikuwa namtazama mjomba anavyoukokota ule mguu, nikiamini kwamba na mimi nipo njiani, kwamba hiki kizunguzungu ndicho kiharusi kinabisha hodi.

Basi siku hiyo mkongojo wa mjomba ukaanguka sakafuni. Nikauokota kwa kuchutama, mgongo wima, shingo imekakamaa, macho mbele. Yule kijana wa fiziotherapia, aliyesomea hospitali ya KCMC, Moshi, akaacha alichokuwa anafanya.

"Mwalimu, shingo inauma?"

"Shingo haina neno, daktari. Ni kizunguzungu."

Hakuniuliza kama nimekula wala kama nina mawazo. Aliuliza: vitu vinazunguka, au wewe unahisi kutaka kuzimia? Kikija kinakaa sekunde, dakika au saa? Ukigeuka kitandani kinakuja? Sikio limeziba, au linapiga kelele? Uliwahi kuona kitu kimoja kikiwa viwili, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kufa ganzi? Umewahi kuumia shingo? Kila nikimjibu anatikisa kichwa taratibu. Mwisho akasema, "Ngoja nimalize na mzee, nikuone."

Akanikalisha kwenye kitanda kile chenye ngozi ya kijani, miguu nimeinyoosha juu yake. Akasimama pembeni, akanishika kichwa kwa viganja viwili, akakigeuza upande wa kulia nyuzi 45. Akanieleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya, na hili nalishukuru mpaka leo. "Nitakulaza haraka, kichwa kitaning'inia kidogo nje ya kitanda, lakini mimi nimekishika. Kizunguzungu kitakuja. Usifumbe macho. Nibane mkono ukitaka, ila macho yawe wazi."

Akanilaza. Kwa sekunde kadhaa hakikutokea kitu, nikadhani kwa mara ya kwanza nimeepuka. Kisha kikaja chote. Nilimbana mkono kweli. Nikasikia mjomba kwenye kiti chake anasema, "Inna lillahi, macho yake!" Alikuwa ameyaona macho yangu yanacheza, yanapanda na kujizungusha yenyewe, akaamini ninapata kiharusi mbele yake. Kijana hakuondoa macho usoni kwangu. "Tulia mzee, hiki si kiharusi. Nilikuwa nayatafuta hayo macho. Sikio la kulia hilo."

Kilipokwisha hakuniinua. Alisubiri zaidi, akiangalia saa ya ukutani, kisha akakigeuza kichwa kwenda kushoto, bado kimening'inia. Akasubiri tena. Akaniambia nijigeuze mwili mzima, nilalie ubavu wa kushoto, na uso ukaelekea sakafuni. Pale kizunguzungu kikapita tena, kifupi. Nikaiona ndoo ya maji chini ya kitanda na slipasi zangu, na nakumbuka niliwaza kwamba nitaitapikia ile ndoo. Akasubiri. Halafu akaniinua polepole, kidevu kimeshuka kifuani, mkono wake mgongoni kwangu, akanishikilia hivyo muda mrefu kidogo, maana baadhi ya watu wakiinuka hapo huhisi sakafu imewakimbia. Mimi niliihisi.

Baada ya kupumzika akarudia kile kipimo cha kwanza. Kichwa kulia, lala haraka, ning'inia. Nikangoja. Dari ilikaa mahali pake, na ufa wake, na buibui kwenye kona. Nililia pale pale nimelala, mjomba naye akalia upande wake.

Maelezo yalikuja baadaye, kwenye karatasi ya nyuma ya fomu, kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Wanafunzi wangu nimewafundisha miaka mingi kwamba sikio lina kazi mbili, kusikia na kusawazisha mwili, na kwamba ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa maji. Alichoongeza yeye ni vijiwe. Karibu na mifereji hiyo kuna kifuko chenye vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya ganda la yai na ya mawe ya matumbawe tuliyojengea nyumba za pwani. Vijiwe hivyo vina kazi yake mle kifukoni. Shida huanza vikibanduka na kuingia kwenye mfereji, mara nyingi ule wa nyuma. Hapo ukilala au ukigeuka, vinaporomoka, vinayasukuma maji, na ubongo unapelekewa habari kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Macho yanafuata habari hiyo ya uongo, ndiyo maana yanacheza. Vijiwe vikishatua, kizunguzungu kinakatika. Kugeuzwa kwa vituo vile ni kuviongoza vijiwe vizunguke mfereji hadi virudi kifukoni.

Nilipoelewa hivyo nikaelewa pia kwa nini vidonge vilishindwa. Vidonge vinautuliza ubongo. Kijiwe hakihami kwa kidonge. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na chama cha Marekani cha madaktari wa masikio, pua na koo unawataka madaktari wasitoe dawa hizo kama tiba ya kawaida ya tatizo hili, bali wafanye kipimo kile na tiba ile ya kugeuza kichwa.

Tena si mambo mapya. Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyepewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake ya sikio la ndani, alikieleza kizunguzungu cha namna hii mwaka 1921. Kipimo cha kulazwa kichwa kikining'inia kilielezwa mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London. Tiba yenyewe ni ya John Epley, daktari wa Portland, Marekani, ambaye wenzake walimbeza kwa miaka mingi kabla ya makala yake kuchapishwa mwaka 1992. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji kitanda, na mtu aliyefundishwa. Ninapowafikiria akina mama wanaolala wamekaa, wanaokunywa dawa za presha wasiyo nayo, na kitanda cha namna hiyo kipo hospitali ya mkoa wao, moyo unaniuma kweli.

Nisidanganye kwamba nilitoka pale mzima wa kukimbia. Ule mzunguko haukurudi, lakini kwa siku kadhaa nilikuwa nayumba, hasa sokoni penye watu wengi, na shingo ilikuwa imezoea kukakamaa. Nilitaka kujilaza. Kijana alikataa kabisa. Alisema ubongo uliozoea kuogopa kila mwendo wa kichwa unatakiwa uonyeshwe tena kwamba mwendo hauna madhara, na hilo haliwezekani mtu amelala. Akanipa mazoezi: ninyooshe mkono, nikazie macho ukucha wa kidole gumba, nigeuze kichwa kulia na kushoto bila kuuacha ule ukucha, kwanza taratibu, kisha upesi, halafu kichwa juu na chini. Nisimame miguu imebanana, karibu na ukuta, macho wazi, kisha nifumbe. Nitembee huku nageuza kichwa kutazama huku na huku. Mazoezi ya aina hii yana historia yake: miaka ya 1940 huko Uingereza, Cawthorne, daktari wa masikio, na Cooksey, daktari wa tiba ya viungo, walikuwa wanawatibu watu walioumia kichwa wakati wa vita, wakaona wale wanaohimizwa kutikisika mapema wanapona upesi kuliko wanaoachwa wametulia.

Mimi nilikuwa natembea jioni barabara ya Raskazone, bahari upande mmoja, nikiita kimoyomoyo majina ya vitu ninavyoviona kila nikigeuza kichwa: ngalawa, mwarobaini, bodaboda, muuza madafu. Mjomba akataka tuongozane. Yeye anaburuta mguu, mimi nageuza shingo, na watu wa pale wakatuzoea. Ubao wa darasani ulirudi kwanza, kisha nywele nikasuka. Sajda nilirudi nayo alfajiri ya Ijumaa, polepole, paji la uso likagusa mkeka, nikabaki pale nikiomba dua ndefu.

Vijiwe vinaweza kubanduka tena, niliambiwa mapema ili nisishtuke. Vyangu vilibanduka tena baada ya mwaka na kitu. Nilikitambua siku hiyohiyo, nikarudi kitandani kwa yuleyule kijana, na safari hiyo akanifundisha kujigeuza mwenyewe nyumbani kwa sikio langu la kulia. Alisisitiza nisiende kumfanyia mtu mwingine, kwa sababu sikio linaweza kuwa la kushoto, mfereji unaweza kuwa mwingine, na kuna shingo zisizotakiwa kuning'inizwa.

Nilikuja kuona umuhimu wa agizo hilo kwa mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Naye alilalamika kizunguzungu, nikampeleka kwa furaha nikijua tiba ninayo mkononi. Kijana akamuuliza maswali yaleyale, akampima kwa kulazwa pande zote mbili, macho yakatulia tuli. Cha kwake kilikuwa kinakuja akisimama, si akigeuka. Akampima presha amelala, kisha amesimama, ikaonekana inashuka sana anaposimama. Hakumgeuza kichwa. Alimwandikia barua kwenda kwa daktari anayempa dawa za presha, dozi ikabadilishwa, na kizunguzungu kikaisha. Na akatuambia wote wawili, pale mlangoni, kwamba kizunguzungu kinachokuja pamoja na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, kuona viwili viwili, mkono kulegea au kushindwa kabisa kutembea, kisiletwe kwake. Kikimbizwe hospitali upande wa dharura saa hiyohiyo. Mjomba anayajua hayo kuliko sisi. Ndiye anayewasimulia wenzake barazani, na mkongojo wake mkononi.