Igwana, kabati la chipsi na mfupa wa dome

Mwenye igwana, yule mjusi mkubwa wa kufugwa, Dar es Salaam hakosi washauri. Wangu walianza siku ileile mnyama alipoingia getini kwangu Tabata. Jirani akasema huyo ni kenge, mpe matumbo ya kuku. Jamaa mmoja wa WhatsApp akasema bila taa maalumu ya laki kadhaa kutoka nje, mwezi hauishi. Muuza dawa za mifugo akasema mpe chakula cha mbwa, apate nguvu. Mnyama leo ana mita moja na nusu kutoka puani hadi ncha ya mkia, hajapewa hata kimoja katika hivyo tangu afike kwangu, na jirani yule sasa anamleta mjukuu wake kuja kumtazama.

Nilimpata kwa bosi wangu wa zamani aliyekuwa anahama nchi, nikamchukua pamoja na karatasi zake. Hizo usizidharau: igwana wa kijani asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, yuko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, na siku ukiulizwa katoka wapi, "nimepewa na bosi" siyo jibu. Kule alikuwa analishwa nyama ya kusaga na saladi. Vidole vilikuwa vinatetemeka kama vya mzee, na taya la chini ukiligusa linabonyea. Hiyo ndiyo njaa ya kalsiamu, inaonekana hivyo kabla mifupa haijaanza kupinda.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mtu asiyeweza kukaa na tatizo bila kulitatua, hasa likiwa la mwenzake. Alisoma mahali kwamba igwana anaishi kwenye nyumba ya vioo yenye taa ndani. Nanyi mnajua, Dar hii nyumba ya vioo yenye taa ndani ni moja tu. Jumamosi akatokea na bajaji ya mizigo kutoka Buguruni, juu limefungwa kwa kamba kabati la chipsi. Kijana aliyekuwa nalo alifunga biashara. Limeoshwa, linang'aa, ubavuni bado limeandikwa kwa rangi nyekundu CHIPSI KUKU MAYAI.

"Shem, hii ndiyo yenyewe," akasema, na kwa kweli alikuwa amefurahi kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kumrudisha. Tukaliweka barazani. Nikamwambia mnyama haingii kwanza, tutangulize kipimajoto, kile cha kwenye banda la vifaranga. Jua la saa nne asubuhi likalipiga kioo. Kufika nusu saa kipimajoto kiko 46. Shemeji akasema kimeharibika, kipimajoto cha kuku hakiwezi kumpima mjusi. Tukakitoa, kikashuka, tukakirudisha, kikapanda tena. Akafungua mlango wa nyuma, ule wa kupitishia sahani, kikagoma kushuka chini ya 40. Igwana anapenda kuota jua mahali penye kama 35 hivi, lakini lazima awe na kivuli cha kukimbilia. Ndani ya kabati la chipsi kila kona ni jikoni. Jioni akawasha taa angalau tuone inavyopendeza, na watoto wawili wa nyumba ya pili wakaja kusimama getini na sahani, wakaulizia za buku.

Jambo ambalo washauri wa vioo hawalisemi ni kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia karibu mionzi yote ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na ni mionzi hiyo inayoiwezesha ngozi ya igwana kutengeneza vitamini D3. Bila D3, kalsiamu utakayomlisha inapita tu. Ile taa ya bei mbaya ni ya watu ambao jua lao linakwenda likizo miezi sita. Sisi tuko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, unyevu wa bahari unatujia mpaka kwenye shuka, halafu ninunue jua la kuchomeka kwenye soketi? Na TANESCO wakikata?

Basi kizimba nikakifanyia nje, ukutani upande wa mashariki apate jua la asubuhi. Mbao za Keko, fundi wa mtaani, vyote pamoja na bawaba haikuzidi laki tatu, labda na ushee. Fundi alitaka kuweka wavu wa kuku kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa: ule unachubua pua na kunasa kucha. Weka wavu mgumu wa vishimo vidogo, uliochomelewa. Na kiende juu kuliko upana, kimzidi mtu mrefu, maana huyu ni mnyama wa mitini. Ukimweka kwenye kitu kifupi anakaa chini kinyonge ukidhani anaumwa. Ndani kuna tawi la mwembe lenye unene wa mwili wake, limelazwa kwa mshazari.

Shida ikaja kwa kunguru. Mnawajua, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka India. Walikuwa wanatua juu ya wavu kuvizia papai, na igwana anajirusha huku na huku mpaka mkia unapiga mbao. Juu ya kichwa chake ana jicho la tatu, kijidoa kama magamba ya samaki, haoni nacho sura ya kitu lakini linahisi kivuli kikipita, na kwa akili yake kila kivuli cha juu ni mwewe. Nusu ya paa nikaiezeka makuti. Kunguru akitua hapo, chini hakuna habari. Upande mwingine umebaki wazi kwa ajili ya jua.

Maji ya bakuli alikuwa hayajali. Hapa naomba nijisifu. Nilinunua mpira wa dripu famasi, ule wa wagonjwa, nikauunganisha na galoni lililoning'inizwa juu, nikakaza gurudumu lake mpaka likatoa tone, likatulia, tone. Matone yanaangukia majani ya hibiskasi iliyo kwenye ndoo, yeye anayalamba. Mama mkwe alipoiona akauliza amelazwa lini.

Kumtoa kwenye nyama ndiko kulikochosha. Igwana ni mla majani tangu anapotoka kwenye yai, nyama inamchosha figo, lakini mdomo ukishazoea! Nilikata sukuma wiki, majani ya maboga na majani ya mlonge madogo kama kachumbari, nikayafikicha kwenye papai bivu mpaka asiweze kuchagua. Papai nikawa napunguza taratibu. Siku hizi anakula na bamia, malenge ya kukwaruza na maua ya hibiskasi, ambayo anayakimbilia. Mchicha ni kwa nadra, una oksaleti inayoshika kalsiamu. Kisamvu kibichi kina sumu, parachichi usijaribu. Mlishe asubuhi akishaota jua, kwa kuwa bila joto tumbo lake halisagi.

Atapiga chafya, na kioo au ukuta utabaki na unga mweupe. Siyo mafua. Ni chumvi iliyozidi mwilini anaitoa puani. Mimi niliuziwa wazo la dawa ya mafua ya kuku kwa ajili hiyo hiyo, nikaondoka dukani bila kuaga.

Kalsiamu ya unga ya madukani ni ghali na mara nyingine hakuna. Nenda soko la samaki Feri, kwa wanaosafisha dome, yule ndugu yake ngisi, waombe ule mfupa mweupe wa mgongoni. Wao wanautupa. Loweka siku mbili ukibadilisha maji chumvi itoke, chemsha, anika juani mpaka ukauke kama chaki, twanga, chekecha. Unanyunyiza kidogo tu juu ya majani. Taya sasa ni gumu, na vidole vimetulia. Wahi asubuhi kabla taka hazijazolewa, na uende na ndoo yenye mfuniko. Mimi nilirudi na mifupa ndani ya daladala imefungwa kwenye gazeti, na konda alinirudishia nauli yangu nishuke Mnazi Mmoja.