Jina Juu ya Karatasi ya Muziki

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni na karatasi ya muziki aliyopewa kwa ajili ya bendi ya shule. Juu yake pamechapwa maneno "Tarumbeta ya Pili". Akaniuliza kwa nini hawakuandika jina lake, ilhali ni yeye atakayeipiga. Nilimjibu kwamba karatasi hiyo ni ya yeyote atakayekalia kiti hicho, lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa, kwa sababu nimewahi kushika karatasi za muziki zilizoandikwa kwa namna nyingine kabisa.

Ilikuwa Washington, katika chumba cha kusomea cha Kituo cha Nyaraka kilichomo ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Huko ndiko zinakohifadhiwa nyaraka za Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, zilizochukuliwa mwaka 1988 kutoka kwa mwanawe, Mercer. Mjomba ndiye aliyenituma. Alipuliza saksafoni katika bendi za dansi mjini Morogoro tangu ujana wake, na jina la Ellington alilitaja kwa heshima ileile aliyompa Salum Abdallah, mwanamuziki mashuhuri wa Morogoro. Alipojua kwamba siishi mbali na mahali hapo, aliniambia, "Mwanangu, nenda ukaniangalizie alikuwa anawaandikia nini wale wapuliza saksafoni wake."

Nilikabidhi mkoba, nikaachiwa penseli na daftari, nikaletewa jalada moja. Karatasi ya kwanza ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kingo zimelika, na mkunjo wa katikati umekaribia kukatika kwa kufunguliwa na kufungwa. Noti zilikuwa za mkono, zimebanana, na baadhi ya mistari ilikuwa imekatwa kwa penseli nzito. Nilitafuta palipoandikwa saksafoni baritoni, ile kubwa yenye sauti nzito, sikupaona. Kwenye kona ya juu paliandikwa "Carney", jina la mpuliza baritoni wa Ellington, basi. Nikafungua ya pili, nikakuta "Rab", jina la utani la Johnny Hodges, mpuliza saksafoni ya alto, ndogo kuliko baritoni. Niliirudia ile ya kwanza na kuifuata noti baada ya noti kwa ncha ya kidole bila kuigusa, nikiimba kimoyomoyo, mpaka nilipofika mahali ambapo noti zilikoma ingawa ilikuwa dhahiri kwamba wimbo haujaisha. Mhifadhi aliyekuwa zamu alinieleza kwamba hali hiyo ni ya kawaida katika mkusanyiko ule: wanamuziki walishaukariri mwisho, au waliafikiana juu yake kwenye mazoezi, kwa hiyo hapakuwa na aliyeona haja ya kuuandika.

Nilikaa na karatasi ile ya Carney muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Harry Carney alijiunga na bendi mwaka 1927 akiwa na miaka 17, mwaka uleule ambao Ellington alianza kupiga katika klabu ya usiku ya Cotton Club kule Harlem, New York, na hakuondoka tena. Ellington alifariki Mei 1974. Carney akamfuata Oktoba ya mwaka huohuo. Mtu aliyekusikia ukipuliza kwa miaka 47 hahitaji kuandika jina la chombo chako. Anajua pumzi yako inaishia wapi, anajua ni sauti gani ya chini unayoweza kuishikilia wakati wenzako wanapanda, na anaiandika noti hiyo kwa ajili yako wewe. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa ukubwa wa Ellington kama kiongozi wa bendi, zaidi hata ya nyimbo zenyewe. Bendi nyingi kubwa zilivunjika baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu kuwalipa watu wengi kiasi hicho kulizishinda. Yake aliibakiza, na mapato ya nyimbo zake yalisaidia kuwalipa wapigaji, ili aendelee kuwasikia. Kumbukumbu za mishahara nazo zimo katika mkusanyiko huo, pamoja na ratiba za safari.

Lakini Hodges aliondoka mwaka 1951, akarudi mwaka 1955. Nikajiuliza ni nani aliyekaa mbele ya karatasi zenye neno "Rab" katika miaka hiyo minne, na alijisikiaje.

Usiku nilimpigia mjomba nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Sisi hatukuandika, mwanangu. Kiongozi alituimbia mstari, tukaurudia mpaka ukakaa." Akanisimulia habari za mpuliza tarumbeta mmoja aliyekuwa akikaa kulia kwake, ambaye alihamia bendi nyingine kwa ahadi ya mshahara bora. "Huyo alipohama, mstari wake ulihama naye. Tulimweka mwingine, akapuliza vizuri tu, lakini haukuwa ule." Baada ya hapo alianza kuwataja wenzake wote kwa mpangilio wa viti, na kila mmoja alimtaja pamoja na kipande alichokuwa akikipiga, huku akikiimba kwenye simu. Nilinakili kwa kadiri nilivyoweza, katika daftari lilelile nililokuwa nalo Washington.

Hadi siku ile niliamini kwamba karatasi ndiyo inayomhifadhi mwanamuziki. Sasa sina uhakika. Karatasi ya Carney inatunzwa kwa uangalifu mkubwa, ila mwisho wa wimbo haumo. Kwa wenzake mjomba hakuna hata karatasi, ilhali yeye alikuwa bado na mwisho wa kila wimbo kichwani. Nilimwuliza kama ningeweza kuyapeleka majina yale mahali yatakapohifadhiwa. Akasema nisiyapeleke popote kabla ya kuwauliza watoto wa kila aliyetajwa. Nimeshawapata baadhi yao, na wawili hawakuwahi kujua kwamba baba yao alipuliza tarumbeta.