Siku moja ya kushona wanyama wa Mida

Saa kumi na moja alfajiri

Leo ni bamvua. Mwezi umeandama juzi, na hapa Mida, hori yetu ya mikoko karibu na Watamu, siku za namna hii maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwa hiyo cherehani itatangulia, matope yatafuata, na mchana ni wa shule. Nimeswali, nimebandika chai ya tangawizi, na vitambaa viko mezani kabla hakujapambazuka.

Kazi yangu ni kushona vikaragosi vya mkono vya wanyama wa pwani na kutunga visa vyao. Watoto wa huku, kati ya Watamu na Gede, wamekulia kisa cha kima na papa: kima anachukuliwa baharini mgongoni mwa papa, katikati ya safari anaambiwa moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani, naye anajibu kwamba moyo ameuacha nyumbani, juu ya mkuyu. Nakipenda sana kisa kile. Lakini kima yule angeweza kuwa sungura, na papa angeweza kuwa mamba, hadithi isitikisike. Mimi natafuta hadithi ambayo ukimbadilisha mnyama, yote inaanguka.

Saa kumi na mbili na nusu

Mpwa wangu amefika na mahamri ya moto. Yeye anakata, mimi nashona. Leo tunammaliza Bi Masafa, ndege mla kaa. Mwili ni bafta nyeupe, mgongo na ncha za mbawa ni kaniki. Mdomo umetuchukua muda, kwa sababu ndege wengi wa ufukweni wana midomo myembamba ya kuchokoa mchanga, ila huyu ana mdomo mnene, mweusi, wenye nguvu ya kuvunja kaa. Tumeujaza sufi tukaushindilia mpaka ukawa mgumu.

Huyu ndege ana maisha ambayo mimi nisingeweza kuyabuni. Anataga huko Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, na hatagi juu ya mchanga kama wenzake. Anachimba shimo refu, anataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga uliochomwa na jua linafanya sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia. Kisha wanakuja kwetu kwa makundi. Kinda akishajua kuruka bado anamfuata mzazi, na hata hapa Mida, maelfu ya kilomita kutoka shimoni alikoanguliwa, utamwona yule wa kijivu akimlilia mkubwa ampe kaa.

"Mama mdogo," mpwa wangu ameniuliza, "si tungesema anakuja na kaskazi kama majahazi ya zamani?"

Ingependeza mno. Njia ni ileile, na kila mtoto wa pwani anajua kwamba majahazi ya Oman yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Lakini Bi Masafa huanza kufika Agosti, kusi ingali inavuma. Basi katika kisa chetu anasafiri akipigana na upepo, na majahazi anayaacha bandarini yakisubiri. Mpwa wangu amecheka, akasema hivyo ndivyo vizuri zaidi. Nami naona hivyo.

Saa tatu asubuhi

Maji yanakimbia. Nimevaa viatu vya mpira, nimechukua daftari na penseli, nimeshuka kupitia mikoko. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye mizizi ya mkoko nimesimama kumtazama kaa mdogo apandaye miti. Kaa huyu hupanda mara mbili kwa siku kutoka mizizini mpaka kwenye majani ya juu, anakula, anashuka. Waliomchunguza katika mikoko ya Kenya waliona hata mazoea ya kurudi kwenye tawi lilelile. Bado sijampa jina. Nimechora miguu yake tu, jinsi anavyoukumbatia mti, maana kikaragosi chake lazima kipande. Kikikaa mezani kimeharibika.

Mbele kidogo, pale matope yanapoanza kung'aa, yuko Bwana Gando, kaa kipenzi cha watoto wote. Ukisimama bila kutikisika dakika chache, mashimo yanafunguka na uwanja mzima unaanza kupunga mikono. Ni madume. Kila mmoja ana gando moja kubwa, linaloweza kukaribia nusu ya uzito wake, na jingine dogo. Lile kubwa ni la kumwita jike na la kumtisha jirani, halimsaidii kula hata kidogo. Anakula kwa lile dogo peke yake, akichota tope, akinyonya chembe zilizomo na kuacha vidonge vya mchanga vilivyofinyangwa vizuri. Jike ana magando mawili madogo, anakula kwa yote mawili. Maji yakirudi, wote wanaingia mashimoni na wengi wanaziba mlango kwa tope.

Kuna mzee huja hapa kuchimba chambo. Nimemwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, umekuja tena kuwasengenya wanangu?" Amenionyesha kaa mmoja kwa ncha ya jembe. "Yule, gando lake jipya. Kubwa, lakini halina meno. Tazama lilivyo jepesi."

Nimechuchumaa nikatazama mpaka magoti yakauma. Kumbe ni kweli, na wataalamu nao wameliandika jambo hili kwa aina hii ya kaa wa mikoko yetu: akipoteza gando, linaota jingine refu lakini jembamba na dhaifu, na majirani hawawezi kulitambua kwa macho. Anaendelea kupunga, anaendelea kuogopwa, ilhali akishikwa kwenye ugomvi hana nguvu. Hapo pana kisa kizima! Bwana Gando amerudi na gando jipya, kijiji kizima kinampisha njiani, na yeye peke yake anajua siri. Nimeandika kurasa mbili palepale, daftari limechafuka tope, sikujali.

Samaki wa topeni nao wametoka. Huyu samaki huishi nje ya maji kwa muda mrefu, akipumua kupitia ngozi iliyolowa na kubeba maji kidogo ndani ya matamvua. Macho yamekaa utosini, na kila mara anayazamisha kichwani kuyalowesha, kisha yanaibuka tena. Kwenye kikaragosi chake nimetumia vifungo viwili vilivyofungwa kwenye uzi unaovutwa kwa kidole. Watoto wanaweza kukiangalia kitendo hicho kimoja nusu saa nzima. Nimemhesabia muda wa kupepesa, ili mkono wangu usifanye haraka kuliko yeye.

Saa sita na nusu

Nimeoga, nimekula wali wa nazi na mchuzi wa tafi, nimefunga mfuko wa vikaragosi.

Saa nane mchana

Shule ya msingi, darasa la tatu, jua kali na kaskazi inapeperusha karatasi za ukutani. Nimeanza na Papa Shilingi kwa sababu ni mkubwa: tunamshika wawili, mimi kichwa na mpwa wangu mkia, na mwili wake ni leso mbili zilizounganishwa. Huku Kenya wazee husimulia kwamba Mungu alipendezwa na papa huyu akamtupia shilingi, zikamganda mgongoni. Watoto wanaijua, wakanisaidia kuisimulia kwa sauti kubwa.

Ndipo nikawaongezea yasiyo ya kale. Kwamba shilingi za mgongoni hazifanani kwa papa wawili, na watafiti humtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu wake, wakitumia programu iliyotokana na kazi ya wanaastronomia ya kulinganisha picha za nyota. Kwamba anaweza kupita mita 12, na chakula chake ni viumbe vidogo mno na visamaki anavyovichuja kwenye maji. Kwamba mwaka 1995 huko Taiwan alipatikana jike mwenye vijusi karibu 300 tumboni. Kule kisiwani Mafia wanamwita potwe, na miezi ya kaskazi huonekana karibu na Kilindoni, akila pamoja na kundi la dagaa ambao wavuvi huwatafuta.

Mvulana wa nyuma amesimama. "Bi, mbona hana meno?"

Nimempenda mtoto huyo. Anayo, nikamwambia, maelfu, madogo sana, ila hayatumii kula. Nimewafungulia mdomo wa kikaragosi: mpana, ulio mbele kabisa ya kichwa, si chini kama wa papa wengine. Msichana mmoja ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutangaza kwa darasa zima kwamba hakuna kitu humo. Wameingia mmoja mmoja, hata mwalimu. Mtoto aliyewahi kutia mkono kinywani mwa Papa Shilingi hatamwogopa siku akimwona toka ngalawani, na ndiyo sababu sitakubali kamwe kumshonea meno ya kutisha.

Saa kumi jioni

Simu ya mteja anayetaka picha ya ukutani. Anataka babu kasa mwenye fimbo na miwani, ameingiza kichwa ndani ya gamba kwa aibu. Nimemweleza taratibu kwamba kasa wa baharini hawezi kuingiza kichwa gambani. Huyo ni kobe wa nchi kavu. Na anayepanda ufukweni usiku ni jike, anakuja kufukia mayai, mara nyingi zaidi ya 100 kwa tundu moja. Dume akishaingia baharini siku ya kuanguliwa, ni nadra arudi nchi kavu. Tena joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga ukiwa moto zaidi, majike wanakuwa wengi.

Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama inawezekana awe bibi. Inawezekana, na afadhali! Bibi kasa akichimba kwa mapezi ya nyuma bila kutazama alipochimba, akipima kina kwa kugusa tu. Miwani nimemwachia. Fimbo tumeitoa. Wako wanaosema mchoro wa watoto hauhitaji ukali huu. Mimi nasema Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, kasa wanataga mlangoni petu, na mtoto wa hapa ana haki ya kupata kasa aliye kasa kweli.

Saa mbili usiku

Cherehani imefunikwa, mpwa wangu ameshaenda kwao. Nimeketi na daftari nikasafisha kisa cha gando jipya. Bado sijaamua kama siri itatoboka. Topeni mara nyingi haitoboki, nami naelekea kuiacha hivyohivyo, ingawa watoto watataka ugomvi.

Ujumbe umeingia kutoka kwa mwalimu wa Lamu: wanafunzi wake wanamwomba nguva, na wamechora wenyewe, nusu mwanamke, nywele ndefu, kitana mkononi. Picha ni nzuri. Nguva mwenyewe ni mnyama anyonyeshaye, jamaa wa mbali wa tembo, anayekula majani ya bahari chini ya maji na kuibuka kuvuta pumzi. Huzaa ndama mmoja kwa wakati, na huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo wavu wa jarife ukinasa mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Kenya wamebaki wachache mno.

Nimemjibu kwamba nguva nitamshona, na mama atakuwa na ndama ubavuni. Ila mimi sijawahi kumwona, wala sijui anavyogeuza shingo wala anavyoshuka baada ya kuvuta pumzi. Kwanza aniulizie wazee wa huko waliowahi kukutana naye, nije niwasikilize, ndipo nikate kitambaa.