Jinsi nilivyoipata Lancaster ya mjomba wa mama mkwe

Hatimaye tumempata mjomba huyo, aliyeruka na Lancaster, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia! Familia ilikuwa na simu ya maandishi tu: sajini hajulikani alipo. Kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, Uingereza, wenye majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wasio na kaburi, hakuwamo. Hiyo ilitupa moyo, maana huenda alizikwa.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitupa kikosi, makaburi ya Reichswald Forest nchini Ujerumani, na tarehe ya kifo. Lakini nilipofungua daftari la kikosi, faili za AIR 27 za Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, siku hiyo ndege yake haikuwepo kabisa.

Siri ni hii: daftari huandika tarehe ya kuruka. Waliondoka usiku, wakaanguka baada ya saa sita usiku, hivyo kaburini ni siku inayofuata. Rudi nyuma siku moja, tena usome Fomu 541 ya daftari hilo, inayoorodhesha kila ndege na watu wake, kwani Fomu 540 ni muhtasari tu. Wote saba walikuwamo, kuanzia rubani hadi mpiga bunduki wa mkiani, na mwisho wa mstari neno moja: “Missing”, yaani hawajulikani walipo.

Namba ya ndege iliyoandikwa hapo niliiingiza kwenye kanzidata ya kituo cha kumbukumbu ya wanahewa wa ndege za mabomu kilichoko Lincoln, Uingereza. Ikatoka walipoangukia. Mama mkwe anakata tiketi.